Herufi Mbili Kwenye Mifuko ya Udongo

Uppsala, Uswidi
4 Februari 2024

Kwako Kogo, nyanya yetu Jerusa, mama wa boma na mwenye shamba. Kwako Baba mdogo Noah, unayewasomea wenzako barua hii. Kwako Baba mdogo Kipkoech. Kwako mama yangu Elmina. Kwako Mama Quinter, uliyekuja kwetu kama jirani ukakaa kama ndugu. Na kwenu watoto mlioambiwa mnyamaze mpaka barua iishe: nawaamkia nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake. Chamgei, kama tunavyosalimiana kwetu.

Mimi ni mzima. Huku jua hutoka limechelewa na huondoka lina haraka. Theluji imefunika njia yote ya kwenda maabara, na nikitembea nasikia nyayo zangu kama za mtu anayekanyaga sukari. Mama, sweta uliyonifumia huivaa ndani ya koti, na wenzangu huuliza ni duka gani linalouza rangi hiyo. Mama Quinter, niambie mguu wa mumeo, Baba Ooko, unaendeleaje, na kama kiwandani wamemhamisha kutoka kwenye zile ngazi.

Sasa nije kwenye jambo lililowaketisha hapo.

Mnakumbuka tulivyokubaliana kabla sijasafiri. Shamba la juu, lile lililong'olewa chai kuukuu na kupandwa miche mipya, liligawanywa pande mbili. Upande mmoja chai iliachwa peke yake. Upande wa pili Kogo alipanda maharagwe katikati ya safu, msimu baada ya msimu, jinsi mama yake alivyoyachanganya na wimbi kabla chai haijafika kwenye miteremko yetu. Mwezi wa Novemba mkanitumia udongo wa pande zote mbili. Mifuko ya chai bila maharagwe niliomba iandikwe herufi B. Mifuko ya chai na maharagwe pamoja iandikwe P. Mkasema udongo wenyewe utoe ushahidi, na baada ya hapo familia iamue kama nafasi za katikati zibaki za maharagwe au zijazwe miche ya chai kama anavyotaka Baba mdogo Kipkoech.

Niwaeleze nilichokuwa nikitafuta. Kijiko kimoja cha udongo wa shamba letu kina wakaaji wengi kuliko watu wote waliowahi kufika soko la Merigi tangu soko hilo lianze. Ni bakteria, wadogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuwaona. Wako wanaoozesha majani yaliyoanguka, wako wanaofungua chakula kilichofungwa ndani ya mawe, na wako wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya maharagwe, wakivuta naitrojeni kutoka hewani na kuigawa. Sikuweza kuwahesabu mmoja mmoja. Nilizisoma jeni zao zote kwa pamoja, kama mtu anayesimama nje ya kanisa akisikiliza kwaya na kujaribu kujua ni sauti za nani.

Majibu ni haya. Mifuko yenye herufi B ndiyo iliyojaa sauti za kila aina. Mifuko yenye P ina jamii chache, zinazofanana, zile zinazovumilia uchachu ambao chai huuacha ardhini. Kwa ushahidi huu, maharagwe hayakuusaidia udongo, na inaelekea yameupunguzia uhai. Sikuyatarajia. Nilirudia kipimo na kikasema vilevile.

Kogo, nisamehe kwa kukuletea neno hili nikiwa mbali. 

Wenu mtiifu,
Chelimo

*

Merigi
10 Machi 2024

Mpendwa binti yetu Chelimo,

Nakusalimu kwa niaba ya boma zima. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike mwenye doa jeupe usoni. Mvua ya mawe ilipita juu yetu ikaenda kumwagika upande wa Kipkelion, na tumewaombea wenzetu wa huko kanisani. Mama yako sasa anaongoza sauti ya pili katika kwaya ya akina mama. Ooko amehamishiwa kwenye mizani na mguu umepata nafuu.

Barua yako niliisoma Jumapili baada ya ibada, watu wote wakiwa wameketi. Nilipofika kwenye majibu, Kipkoech alivua kofia akaipapasa magotini, wala hakucheka. Huyo ni ndugu yangu na ninamjua. Alifurahi, lakini alifurahi kwa adabu.

"Mama," alisema, "sasa si mimi nimesema. Ni mashine ya Uswidi."

"Hiyo mashine imewahi kupalilia?" Kogo akauliza.

"Haijapalilia, lakini imesoma."

"Hata wewe umesoma."

Watu walicheka kidogo. Kisha Kogo akasema maneno ambayo nayaandika jinsi alivyoyatamka, kwa sababu ukimsahihishia Kogo Kiswahili chake unabaki na maneno ya mtu mwingine: "Pila haiwezi kushinda bamoja. Hiyo utongo mimi naijua. Nimeitia mkono." Akanyanyuka, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo hajapanda tena kwenda shamba la juu. Asubuhi hutoa kiti chake akakielekeza barabarani, mgongo ukiwa kwa mteremko. Akiulizwa, husema macho yanamuuma kwa mwanga.

Familia ilikubali kufuata majibu, na nisingeweza kuwazuia, maana ndivyo tulivyoahidiana. Kipkoech amekwisha kuagiza miche kwenye kitalu kimoja karibu na Kapsoit, na mvua zikishika ataanza kujaza nafasi. Unajua kwamba mche wa chai ukishakita mizizi utabaki pale hata sisi tusipokuwepo. Kwa hiyo nimeona ni wajibu wangu kukuandikia kabla.

Kogo aliniagiza nikuulize utakuja lini. Nimekuuliza.

Baba yako mdogo,
Noah

*

Uppsala
2 Aprili 2024

Kwako Baba mdogo Noah, kwa heshima nyingi,

Nakuamkia. Mpongeze mama kwa uongozi wa kwaya, na ndama apewe jina zuri. Theluji imeanza kuyeyuka. Maji yanadondoka kutoka kwenye paa mchana kutwa, na nikifumba macho nadhani ni mvua ya saa nane ya kwetu, ile inayokuja ikiwa imeshaamua.

Barua hii ni yako peke yako kwa sasa.

Barua zenu huwa nazisoma kwa sauti ili Kiswahili kisinikauke mdomoni. Nilipofika kwa maneno ya Kogo, sauti yake ilijaa chumbani kama moshi wa kuni. Nikayarudia kwa ajili ya utamu tu. Pila. Bamoja. Niliyarudia mara nyingi, na pole pole utamu ukageuka kuwa hofu.

Baba mdogo, kama mtu angeandika herufi ya kwanza ya neno "bila" jinsi Kogo anavyolitamka, angeandika herufi gani? Na "pamoja" je?

Herufi hizo nilizichagua mimi. Nilizichagua nikiwa huku, mahali ambapo kila mtu huzitenganisha sauti hizo mbili bila kufikiri. Nimelelewa na mwanamke ambaye kinywani mwake "baba" na "papa" ni mtu mmoja, na hilo likanitoka akilini kama jina la mtu niliyesafiri naye zamani.

Ndiyo sababu nilikupigia simu Jumamosi. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema: "Andika. Kwa simu nitasikika mimi tu. Kwa barua utasikika wewe." Nilikasirika wakati ule. Sasa naelewa: ungeenda kwa Kipkoech na maneno matupu ya simu, angesema mmemhurumia mama yenu mkabadilisha majibu.

Basi naandika. Tafadhali uliza ni nani aliyeandika juu ya mifuko. Na tafadhali miche isubiri.

Jana niliota niko ndani ya udongo wa shamba la juu, mdogo kama wao. Kulikuwa na giza la joto, kama la ndani ya blanketi. Kila upande watu walikuwa wakinong'ona, na kila mmoja alikuwa na kitu mkononi akimpa wa pili. Nilimuuliza mmoja wao, "Hapa ni bila au ni pamoja?" Akanijibu kwa sauti ya Kogo, lakini sikuelewa alisema nini.

Wako,
Chelimo

*

Merigi
28 Aprili 2024

Mpendwa Chelimo,

Salamu zikufikie. Ndama ameitwa Theluji, kwa heshima yako na kwa doa lake. Mvua ni njema. Asubuhi ukungu hukaa juu ya chai mpaka saa nne, na wachumaji huonekana vichwa tu, kama watu wanaoogelea.

Niliuliza ulivyoomba. Niliwakuta Kogo na Mama Quinter barazani wakichambua majani ya mboga. Nakuandikia mazungumzo yao yalivyokuwa.

"Mama Quinter," nilisema, "ile mifuko ya Novemba, nani aliandika?"

"Ni mimi, mwalimu. Kogo alikuwa anachota, mimi naandika. Miwani yake ilikuwa imevunjika."

"Uliandikaje?"

"Vile alisema. Akisema pila, naweka P. Akisema bamoja, naweka B. Ningefanya nini? Nimrekebishe mama ya watu kwa shamba yake?"

Kogo akasimamisha mikono. "Mimi sikusema pila. Nilisema pila."

"Ndiyo hiyo, Kogo. Pila."

"Si hiyo. Pila."

"Sasa si ni hiyo hiyo?"

"Wewe unasikia na masikio ya ziwani."

"Na wewe unaongea na mdomo ya Merigi," Mama Quinter akamjibu. "Udongo maskini ikakosa wakili."

Nilikohoa, kama nilivyokuwa nikikohoa darasani nilipotaka kucheka. Nilifundisha miaka mingi katika shule za wilaya hii, binti yangu, na nilisahihisha "pila" katika madaftari mengi mno. Kalamu ile ile nyekundu ilikuwa mfukoni mwangu siku barua yako ya kuomba mifuko ilipofika. Mama Quinter alizaliwa huko ziwani, ambako sauti hizo mbili hazichanganywi. Akaandika kwa uaminifu kabisa kile alichosikia. Hakuna aliyekosea zamu yake, na mifuko yote ilikosea.

Kogo alitaka kujua maana ya maswali yangu. Nikamwambia kwamba yawezekana mashine ilisema kweli, ila majina yalikuwa yamebadilishana viti. Baadaye nilimwona amekigeuza kiti chake kidogo, hakielekei barabara wala mteremko.

Mvua inaendelea vizuri. Mito imejaa. Kipkoech anakusalimu, ana kazi nyingi msimu huu, mvua ikiwa hivi.

Baba yako mdogo,
Noah

*

Uppsala
19 Mei 2024

Kwako Baba mdogo Noah,

Nakuamkia, na kupitia kwako nawaamkia wote. Huku sasa jua halitaki kulala. Miti iliyokuwa kama fimbo kavu imevaa majani kwa wiki moja, na watu wanatabasamu njiani bila kujuana. Nimechekea jina la ndama mpaka mwenzangu wa mezani akauliza kuna nini, nikashindwa kumweleza.

Umeniandikia habari za mvua mara tatu katika barua moja. Ulinifundisha darasa la sita, na ulituambia kwamba mwanafunzi asiyejua jibu huandika utangulizi mrefu. Nakuuliza kwa heshima: je, miche imeingia ardhini?

Kabla hujajibu, nikupe nilichopata, ili lisiwe jambo la matamshi peke yake. Mabaki ya udongo wenu yako kwenye friji kubwa ya maabara, yameganda. Niliyatoa nikayachekecha. Katika mifuko yenye herufi B, ile niliyoiita chai bila maharagwe, nilikuta vipande vya mizizi myembamba yenye vinundu. Nilipasua kinundu kimoja kwa ncha ya kisu; ndani kilikuwa bado na wekundu hafifu, kama nyama. Huo ni mzizi wa maharagwe, na hapakuwa na maharagwe yoyote upande wa pili. Katika mifuko yenye P nilikuta mizizi ya chai tu. Nilikaa na kile kinundu kiganjani muda mrefu. Kilikuwa kimesafiri kutoka mkononi mwa Kogo mpaka mkononi mwangu, na katikati ya safari tulikiita kwa jina lisilo lake.

Kwa hiyo majibu yasomwe upya. Udongo wenye jamii nyingi ni ule wa chai na maharagwe pamoja. Ndani yake wamo wanaovuta naitrojeni, wamo wanaofungua fosforasi, na uchachu wake umepungua kidogo. Upande wa chai peke yake ndio uliobaki na wachache wanaovumilia.

Lakini niseme kweli yote, maana nimekwisha kuwapotosha mara moja kwa kusema nusu. Udongo wenye uhai mwingi si ahadi ya kilo nyingi kwenye kituo cha chai. Bado miche ni michanga. Huenda Baba mdogo Kipkoech akawa sawa kwamba maharagwe yanamzuia mchumaji kupita. Nilichopima ni wakaaji wa udongo tu. Mavuno nimewaachia nyinyi na miaka ijayo.

Barua hii unaweza kuisoma mbele ya wote.

Uliniuliza nitakuja lini, na sikukujibu. Mwambie Kogo namsalimu.

Chelimo

*

Merigi
16 Juni 2024

Kogo, mama yetu Jerusa, ambaye leo umeketi mahali pako. Ndugu yangu Kipkoech, mwenye zamu ya kazi za shamba. Shemeji yangu Elmina, kwa niaba ya nyumba ya marehemu kaka yetu. Jirani yetu Ooko na Mama Quinter. Vijana na watoto. Na wewe Chelimo, usiyeonekana lakini uliyehesabiwa: barua hii naiandika mkutano ukiendelea, na nitaisoma kwa sauti kabla ya kuifunga, ili anayeipokea na wanaoituma wawe na maneno yale yale.

Sisi ni wazima. Ukungu umekaa mpaka mchana leo, na kwaya imeimba kama inaimbia ndani ya pamba.

Chelimo, uliuliza kama miche imeingia ardhini. Imeingia. Siku uliyonipigia simu, Kipkoech alikuwa amekwisha kujaza nusu ya nafasi za upande wa Kogo. Nilimwomba asimame angoje karatasi, akasimama, akakaa siku zote hizi akiitazama miche mingine ikimngoja kivulini. Sikukuandikia kwa sababu niliona ukijua ungeibeba hiyo nusu peke yako huko kwenye baridi. Kogo alijua kabla yangu. Alikuwa amesikia majembe.

Nimemaliza kusoma barua yako ya Mei. Nilipofika kwenye kinundu chenye wekundu, Kogo alinyoosha mkono kana kwamba kingewekwa mkononi mwake. Kisha wote wakamtazama Kipkoech, jambo ambalo halikuwa haki, naye akasimama akasema, na nanukuu:

"Barua ya kwanza ilisema, nikafuata. Sasa barua nyingine imesema. Nitafuata hiyo pia. Lakini mtu asinicheke, na mtu asiseme nilichukia shamba ya mama. Mimi nilitaka majani tu."

"Nani amecheka?" Mama Quinter akauliza.

"Wewe unataka kucheka."

"Mimi nacheka herufi, sikucheki wewe."

Kogo aliomba nafasi. Alisema Kipkoech hana kosa, na kwamba miche si magugu. Mtu aliipanda kwa mikono yake na haitatupwa kando ya njia ikauke. Alisema Kipkoech ana kiwanja chini karibu na mto ambacho hakijapandwa kitu, na kama miche itaondolewa kila mmoja na donge lake la udongo, itashika. Alipoulizwa nafasi zitakazobaki wazi zifanywe nini, alituangalia kama watu waliouliza njia ya kwenda jikoni.

Kipkoech aliuliza swali la mavuno, na ni swali la haki. Tumekubaliana kwamba pande zote mbili zitachumwa na kupimwa mbali mbali, na hakuna atakayemhukumu mwenzake mpaka chai ikomae. Kama Kipkoech atakuwa sahihi, Kogo amesema atalisikia hilo akiwa ameketi shambani, hatakimbilia barabarani.

Sasa natangaza uamuzi, na naomba usikike mpaka kwa walioketi mlangoni. Upande wa Kogo utabaki wa chai na maharagwe. Miche yote iliyojazwa itahamishwa kwenye kiwanja cha Kipkoech. Mwezi wa Novemba udongo utachotwa tena, na mkutano umekataa kuutuma kwa mifuko: utachotwa na Chelimo mwenyewe, akiwa amesimama kando ya Kogo, akisikia kwa masikio yake anaambiwa nini. Hii si salamu, binti yangu, ni agizo la watu wote hawa, na nakusihi uache kulijibu kwa habari za hali ya hewa.

Kazi inaanza Jumatano, umande ukishakauka. Kila nyumba itoe mtu mmoja wa jembe na mmoja wa karai, na mchimbe kwa upana ili mizizi isikatike. Kipkoech ndiye atakayetoa mche wa kwanza, na Kogo ndiye atakayeupokea.

Noah, kwa niaba ya mkutano